miR-200 inabana jeni, sasa kwa nini E-kadherini inaongezeka?

Nuru_S:
Wakuu habari zenu. Nina swali linanisumbua tangu nianze kusoma mambo ya mikroRNA (vile vipande vidogo vya RNA) kwenye seli za epithelia, zile zinazofunika viungo nje na ndani, na kila nikiendelea naona nazidi kuchanganyikiwa. Ninavyoelewa mimi mikroRNA kazi yake ni kubana, yani inaenda kwenye mRNA ya jeni fulani (ile nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini) na protini ya hiyo jeni inapungua, basi. Sasa nakuta kila mahali wanasema miR-200, ambayo ni mikroRNA mojawapo, ikiwa nyingi E-kadherini (ile protini inayoshikanisha seli) inakuwa nyingi na seli inabaki epithelia, ikipungua na E-kadherini nayo inashuka. Hapo mbona imekuwa kinyume? Au kuna mikroRNA zinazopandisha? Halafu la pili, mtu anajuaje kwamba mikroRNA yenyewe ndo imeigusa ile mRNA na sio kitu kingine huko katikati? Naombeni mnieleweshe taratibu, istilahi nyingi ndo kwanza nakutana nazo.

mtu_wa_maabara:
Karibu Nuru. Ulivyoelewa ni sawa kabisa, miR-200 inabana. Ila haibani E-kadherini, inawabana wanaoizima E-kadherini.

Hao wanaozima wanaitwa ZEB1 na ZEB2. Ni protini zinazokaa kwenye kiini cha seli, zinashika DNA pale mwanzo wa jeni ya E-kadherini (jina lake la kitaalamu CDH1) na kuzuia isinakiliwe. Sasa mRNA za ZEB1 na ZEB2 zina mkia mrefu baada ya sehemu inayotengeneza protini, na kwenye huo mkia kuna sehemu kadhaa ambazo miR-200 inaweza kujishikiza, sio moja wala mbili. Ikishika, ZEB inapungua, ZEB ikipungua CDH1 inapumua, E-kadherini inatengenezwa, seli zinashikana. Kwa hiyo mzuiaji kazuiwa na matokeo yanaonekana kama kupandisha.

Ila raha yenyewe iko hapa. ZEB nazo hazikai kimya, zinashika DNA pale zinapoanzia jeni za miR-200 na kuzizima vilevile. Yani huyu anambana yule na yule anambana huyu. Ndo maana seli haipendi kukaa katikati, miR-200 ikishinda seli ni epithelia, zimebanana kama vigae sakafuni, ZEB zikishinda seli inarefuka, inaachana na majirani na kuanza kutembea. Ukizimwagia seli za figo la mbwa zinazoitwa MDCK TGF-beta, protini inayotuma ishara kwa seli, kwa siku kadhaa unaona hicho kitu kwa macho yako chini ya hadubini, na ukipima miR-200 unakuta imeporomoka. Ukizirudishia miR-200 zinaanza kurudi kwenye umbo lao. Mambo haya yalitoka kwa kishindo 2008, maabara tofauti tofauti karibu kwa wakati mmoja na zote zikaona kitu kilekile.

Na kitu kingine, miR-200 sio moja, ni familia ya watano: miR-200a, 200b, 200c, 141 na 429. Kwa binadamu watatu wako kromosomu ya 1 na wawili (200c na 141) wako kromosomu ya 12. Ukisoma makala angalia wanamsema nani hasa.

Nuru_S:
Aisee hapo nimeelewa, kumbe nilikuwa naruka hatua. Ila sasa inajuaje iende ZEB na sio kwingine? Kitu chenyewe si kidogo sana?

kijana_wa_RNA:
Ni kidogo kweli, nyukleotidi (yani herufi za RNA) kama 22 tu, na hata hizo hazitumiki zote sawasawa. Zinazochagua hasa ni kuanzia ya 2 mpaka ya 8 ukihesabu toka mwanzo wake, hapo wataalamu wanapaita mbegu. Kwa miR-200b, 200c na 429 mbegu inasomeka AAUACUG, kwa hiyo kwenye mkia wa ZEB1 wewe unatafuta CAGUAUU. Kwa miR-200a na 141 mbegu ni AACACUG, angalia vizuri, imetofautiana herufi moja tu hapo ya tatu lakini inatosha kuwafanya wasiwe na orodha ileile ya mRNA wanazoshika.

Kabla ya hapo inapitia safari. Inanakiliwa ikiwa uzi mrefu, kimeng'enya kinaitwa Drosha akishirikiana na protini DGCR8 anaikata humohumo ndani ya kiini inabaki kipande kilichojikunja cha nyukleotidi kama 70, protini Exportin-5 anaitoa nje ya kiini, kimeng'enya kingine Dicer anakata tena, halafu uzi mmoja unaingia kwenye protini inaitwa Argonaute. Argonaute ndo anatembea na huo uzi akitafuta mRNA inayoendana. Akiipata kwa wanyama mara nyingi haikati palepale, anaita wenzake wanaonyoa mkia mwingine, ule wa herufi A nyingi mwishoni kabisa mwa mRNA, ukishanyolewa mRNA inavunjwa, na wakati huohuo ribosomu (mashine ya seli ya kutengeneza protini) inazuiwa kuisoma. Sehemu kubwa ya upungufu wa protini inatokana na mRNA kuvunjwa.

Sasa swali lako la pili, nalipenda sana hilo kwa sababu wengi wanaliruka. Unachukua ule mkia wa mRNA ya ZEB1 unaubandika nyuma ya jeni ya lusiferesi, kile kimeng'enya kinachotoa mwanga. Unaingiza kwenye seli, kundi moja na miR-200 lingine bila, unapima mwanga. Mwanga ukishuka ni dalili nzuri lakini bado hujathibitisha. Hapo unarudi kwenye ule mkia, unabadilisha herufi chache tu pale CAGUAUU ili mbegu isishike tena, kila kitu kingine unakiacha kilivyo. Kama mwanga sasa haushuki hata ukiweka miR-200, hapo ndo unasema imegusa moja kwa moja. Mtu akikuletea makala ya kushuka kwa mwanga bila hilo jaribio la kubadilisha herufi mwambie arudi maabara. Na kinyume chake pia kifanyike, unaiziba miR-200 iliyomo kwenye seli kiasili uone kama ZEB1 inapanda, maana ukiijaza seli mikroRNA ya kutengenezwa kupita kiasi itashika hata vitu ambavyo kawaida haishiki.

Dada_Histo:
Naongezea kidogo maana mazungumzo ya epithelia huwa yanaishia miR-200 tu na mimi inaniuma. Ngozi mnaisahau. Tabaka la chini la ngozi lina seli zinazogawanyika na zina protini p63 nyingi, zikianza kupanda juu miR-203 inawaka, inabana p63, seli zinaacha kugawanyika na kuanza kukomaa. Mpaka uko wazi kabisa, ukipaka rangi kipande cha ngozi unaona p63 chini na miR-203 juu. Na kwenye njia ya hewa kuna miR-34 na miR-449, hizi zinabana protini CP110 ambayo inazuia vile vijinywele vya seli visiote, kwa hiyo bila hizo vijinywele vinaota vichache na makamasi hayasogei vizuri.

Jambo jingine Nuru, usitegemee kuona protini imefutika. Kwa shabaha nyingi (yani mRNA inazozilenga) mikroRNA moja inashusha protini kidogo tu, mara nyingi haifiki hata nusu. Nguvu inakuja pale sehemu za kushika zikiwa nyingi kwenye mkia mmoja kama ZEB, au pale panapokuwa na ule mzunguko wa kubanana alioueleza mtu_wa_maabara, kushuka kidogo kunageuka kuwa mabadiliko ya seli nzima.

Nuru_S:
Ahsanteni sana, mmenifungua. La mwisho basi. Kama miR-200 inazuia seli zisiachane na kutembea, si ina maana kwenye saratani tungeirudisha tu na saratani isingesambaa?

mtu_wa_maabara:
Natamani ingekuwa hivyo. Kuondoka pale uvimbe ulipoanzia ni hatua moja, seli ikifika kiungo kingine inabidi itulie, ishikane na zenzake na kuanza kuongezeka, na hapo tabia ya epithelia inaisaidia. Kuna kazi ya 2011 kwenye saratani ya matiti, miR-200 ilisaidia seli kustawi sehemu mpya zilizofika, kwa kubana protini ya Sec23a na kubadilisha protini ambazo seli inazitoa nje. Kwa hiyo miR-200 ileile inazuia mwanzoni na inasaidia mwishoni. Ukitaka kuirudisha lazima kwanza ujue kwa huyo mgonjwa seli zimeshaondoka au bado, na hata ukijua utaifikishaje kwenye uvimbe tu bila kugusa epithelia nyingine zote za mwili.

Dada_Histo:
Na ukipima miR-200 kwenye kipande cha uvimbe kuwa makini sana, kile kipande kina seli za saratani zimechanganyika na faibroblasti (seli za tishu unganishi) na seli za kinga ambazo kawaida miR-200 yake ni kidogo mno. Ukisaga vyote pamoja ukaona imeshuka huwezi kujua kama seli za saratani zimebadilika au ni kwamba faibroblasti zilikuwa nyingi tu kwenye kipande chako. Paka rangi kwenye kipande chenyewe uone iko seli zipi.