Fundi simu wa Aggrey, Mungu anakuona!!! (M kubwa au M ndogo?)

Baba Mapacha wa Mbagala

Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka, mkiona herufi zimerukaruka mnivumilie.

Yule fundi mnamjua. Simtaji. Kama umewahi kupita mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na simu inayokusumbua lazima mmekutana: kiti cha plastiki kilichoshonwa waya mguuni, taa kichwani kama mchimbaji wa Mererani, na sauti. Hiyo sauti ndiyo kesi yenyewe. Wenzake walipogawiwa koo, yeye alipewa spika ya mnada.

Juzi saa tano usiku naletewa ujumbe kwamba kuna mtu kajaribu kuingia kwenye akaunti yangu ya Google. Nikapaniki. Simu ilikuwa chaji, nikachukua tableti ya watoto, nikabadili pasiwedi humo. Nikaweka kitu kigumu, kina alama ya mshangao, kina alama ya dola, nikajipongeza, nikalala. Asubuhi simu inaniambia ingia upya. Niingie na nini? Kichwa cheupe kama ubao wa shule siku ya kufunga. Nakumbuka dola tu.

Na kwenye barua pepe ndimo ilimokuwa tiketi ya treni ya mama mkwe, anarudi Dodoma siku hiyo hiyo. Mama alikuwa kwangu wiki mbili, alikuja kutibiwa macho. Basi tukatoka wote, mimi, mama watoto na mama, nikasema tupitie Aggrey dakika kumi tu halafu stesheni.

Fundi akabonyeza bonyeza, akasema: "Inataka ya zamani, ya mwisho unayokumbuka." Nikaomba karatasi. Nikaandika. Nikaikunja MARA NNE, nikampa kwa chini chini kama mtu anayempa mganga jina la adui yake.

Akaikunjua. Akainyanyua kwenye taa. Akasoma KWA SAUTI:

"Mkwe... Mchoyo... elfu mbili kumi na tisa."

Halafu wakuu, halafu! Akanigeukia: "Mzee, hii Mkwe M kubwa, na Mchoyo nayo M kubwa, au moja ndogo?"

Mama yupo kwenye benchi. Hatua moja. Aliletwa Dar kwa ajili ya macho, masikio hayajawahi kumsumbua hata siku moja.

Watu wakanyamaza. Muuza kava wa pembeni akapunguza redio. Nadhani hata daladala za Gerezani zilizima injini. M KUBWA AU M NDOGO! Asingeweza kunong'ona? Asingeweza kujaribu zote mbili kimya kimya? Karatasi imekunjwa mara nne wewe huelewi nini? Ningetaka isomwe si ningeenda nayo msikitini wakaitangaze?

Watu kama hawa wafungiwe. Sitaki ushauri, nataka mnisaidie kukasirika.

Chumvi ya Kunduchi

Nimekaa paleee mbele kabisa na karanga zangu. Mkuu hujajibu lakini, M kubwa au ndogo?

Kijana wa Ilala Boma

Hii chai. Nani anaweka mkwe kwenye pasiwedi?

Baba Mapacha wa Mbagala

Si chai. Mwaka 2019 nilienda kujitambulisha ukweni. Kuku kachinjwa, nimekaa na shati jipya nasubiri. Firigisi akapewa shemeji yangu, mtoto wa darasa la pili!! Mimi shingo. Pasiwedi niliibadili ndani ya basi nikirudi, hatujafika hata Morogoro. Hasira zilishaisha zamani, vilibaki vidole tu vinaandika. Lakini hayo si mada. Mada ni fundi. Unamuulizaje mtu M kubwa au ndogo mbele ya mwenye M yake?

Mama Ubuyu

Kwa hiyo miaka yote hiyo kila ukifungua simu unamsengenya mama wa watu kwanza ndiyo unasoma barua zako, na mwenye kosa ni fundi. Sawa baba.

Dogo Msimbazi

"mwenye M yake" nimecheka mpaka konda kaniuliza nashuka wapi

Fundi Umeme Mstaafu

Mleta uzi, tuache utani. Umekosea kabla hujafika Aggrey.

Akaunti za namna hiyo ukisahau pasiwedi, wenyewe wanashauri ujaribu kuirudisha ukiwa na kifaa unachokitumia siku zote na mahali unapokaa siku zote. Wewe umetoka Mbagala umeenda kuirudisha Kariakoo kwenye simu ya fundi. Mashine ikukubali vipi? Ishukuru sana kama hata iliuliza.

Pili, shukuru hakuamua kuiflashi. Wengi wanadhani ukiifuta simu unaanza upya. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, ukiifuta bila kutoa akaunti, ikiwaka inadai akaunti ile ile iliyokuwepo. Ungetoka pale na kigae.

Tatu, na hili ndilo linanisumbua. Ulibadilishia kwenye tableti ya watoto. Kifaa ulichobadilishia huwa hakikutoi. Tiketi si ilikuwa humo humo?

Chumvi ya Kunduchi

🔥🔥🔥 Baba Mapacha njoo ujibu namba tatu

Mama Ubuyu

Tableti iko mezani nyumbani, tiketi iko ndani ya tableti, mtu kampakia mkwewe daladala kwenda kusomewa matusi yake. Yarabi toba.

Baba Mapacha wa Mbagala

Tableti walikuwa nayo watoto wanaangalia katuni. Na hapa hatuzungumzii tableti. Tunazungumzia mtu mzima kuinua karatasi kwenye taa. KWENYE TAA. Angeisoma gizani tungekuwa tunaongea mengine.

Kijana wa Ilala Boma

Akaunti ilifunguka au haikufunguka?

Baba Mapacha wa Mbagala

Ilifunguka. Alipoweka M kubwa zote mbili ikakubali, ikaleta namba za kuthibitisha kwenye laini yangu, tukaingia. Hilo nalo linaniuma.

Mtu wa iPhone

Ndiyo maana sisi wengine tulihama. Tangu iOS 17, ukibadili namba za kufungulia simu halafu ukazisahau, zile za zamani bado unaweza kuzitumia ndani ya saa 72. Hakuna karatasi, hakuna Aggrey.

Dogo Msimbazi

Mkuu hakuna aliyekuuliza. Halafu hizo ni namba za simu, si pasiwedi ya akaunti. Na hiyo ya kwako kioo kimepasuka tangu Idi.

Bi Mkubwa wa Tanga

Ngojeni kwanza. Huyo fundi alilipwa shilingi ngapi na alilipwa na nani? Kuna kitu kinarukwa hapa.

Baba Mapacha wa Mbagala

Elfu kumi. Malipo ni suala dogo.

Bi Mkubwa wa Tanga

Nani kalipa mwanangu.

Chumvi ya Kunduchi

NANI KALIPA

Baba Mapacha wa Mbagala

Mimi hela zangu zote ziko kwenye simu, na simu iko mkononi kwa fundi. Mama watoto alikuwa amegeuka anaangalia barabarani, hataki hata kunisikia. Nikawa napapasa mfuko wa nyuma. Kabla sijafika popote mama akafungua pindo la kanga, lile fundo dogo la pembeni, akatoa noti ya elfu kumi imekunjwa mara nne kama karatasi yangu, akampa fundi. Akasema, "Haya baba, twende tusichelewe."

Na yule fundi, mnajua alijibu nini? "Asante mama, wewe si mchoyo kabisa."

Sasa niambieni kama si wa kufungiwa.

Mama Ubuyu

Sina la kuongeza. Nimefunga simu nimeifungua tena.

Fundi Umeme Mstaafu

Fundi kapiga penalti kipa akiwa kapiga magoti.

Kijana wa Ilala Boma

Nafuta kauli ya chai. Hii imeumiza hadi mimi.

Mhasibu Mchovu

Bora wewe umebadili mwenyewe kwa hiari yako. Ofisini kwetu kuna yule jamaa wa kompyuta, wa ghorofa ya pili, waliowahi kufanya kazi hapa wanamjua. Kila siku 30 tubadili. Lazima namba, lazima herufi kubwa, lazima alama, na usirudie kumi za nyuma. Mimi nilianza na Januari, nikaenda Februari, sasa miezi inaisha sijui nitaingia kwenye majina ya nini. Mezani kwangu nimebandika karatasi chini ya kibodi. Mezani kwake yeye mwenyewe iko JUU ya kibodi.

Fundi Umeme Mstaafu

Mwambie huyo kijana wako amepitwa na wakati. Habari ya kubadili badili na kulazimisha alama ilipewa nguvu na mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulioandikwa mwaka 2003. Aliyeuandika anaitwa Bill Burr, na mwaka 2017 akiwa keshastaafu alikiri kwenye gazeti kwamba anajutia mengi aliyoyaandika mle. Mwaka huo huo NIST wakatoa mwongozo mpya: usimlazimishe mtu kubadili kwa kalenda, abadili ikiwepo dalili imevuja. Na ndefu ni bora kuliko ya alama alama. Kwa kipimo hicho MkweMchoyo2019 ina herufi na namba 14. Ilikuwa pasiwedi nzuri tu, tatizo lilikuwa maudhui.

Mhasibu Mchovu

Nimempelekea hiyo. Kanijibu niandike barua kupitia kwa mkuu wa idara.

Dogo Msimbazi

Mimi kesi yangu inazidi zote. Namba niliyoiwekea akaunti kwa ajili ya kurudishia niliitelekeza, kampuni ikampa mtu mwingine, yuko Kahama. Kila nikitaka kuingia zile namba sita zinakwenda kwake. Mwanzo alikuwa ananisomea bure. Sasa hivi anataka elfu mbili kwa kila mara, na jana kaniambia bei inapanda maana namsumbua akiwa shambani.

Chumvi ya Kunduchi

Huyo si wa Kahama huyo, huyo ni mjasiriamali 😂

Mpangaji wa Sinza

Wote hamjaonewa. Mwenye nyumba wangu, na majirani humu mnamjua sana, tunachanga elfu kumi kila chumba kwa ajili ya Wi-Fi. Vyumba saba. Ikifika tarehe moja alfajiri anabadili pasiwedi, anakaa barazani na kitabu cha kodi. Hujalipa, hupewi. Umelipa, anakuandikia kwenye kiganja kwa peni, eti ukinawa basi. Mwezi uliopita niliamka nikakuta jina la mtandao limebadilishwa linasomeka CHUMBA NAMBA 4 LIPA. Chumba namba 4 ni mimi.

Mama Ubuyu

😭😭 Mtaa mzima unaona jina la mtandao lakini

Mpangaji wa Sinza

Mtaa mzima mama! Mangi dukani kaniuliza kama nikope sukari au nilipe kwanza Wi-Fi.

Mtu wa iPhone

Elfu kumi vyumba saba, hiyo ni elfu sabini. Anatumia kampuni gani? Kasi yake vipi usiku?

Mpangaji wa Sinza

Usiku inalala kabla yetu.

Baba Mapacha wa Mbagala

Wakuu turudi kwenye mada basi. Mama amefika Dodoma tangu jana usiku, nampigia hapokei. Anapokea ya mama watoto tu. Leo asubuhi kanitumia muamala wa nauli ya treni, kairudisha yote mpaka na ya kutolea.

Mhasibu Mchovu

Pole mkuu. @Mpangaji wa Sinza, hicho chumba namba 3 kilikuwa na tangazo, bado kipo? Choo ndani?

Mpangaji wa Sinza

Kipo. Choo ndani ila maji ni ya kuchota.

Mhasibu Mchovu

Anachukua miezi mitatu au sita?