Nimewachangisha wenzangu kwenda kuvua sangara Rubondo, sijawaambia samaki wanarudishwa ziwani. Nifanyeje?

Mshika Daftari (mwanzisha uzi)

Wakuu, wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Tuko wanaume watano, tumejuana tangu kidato cha kwanza, sasa wote tumepita miaka arobaini. Kila mwaka tunapanga safari ya maana na kila mwaka tunaishia Bagamoyo, nyama choma, jioni tumerudi Dar. Mwaka huu nikasema liwalo na liwe. Nikafungua kundi la simu, nikaweka daftari la michango, milioni moja na laki mbili kila kichwa: siku nne kisiwani Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria, kulala kwenye nyumba za wageni ndani ya hifadhi, boti ya kuvulia na mtu wa kutuongoza. Wote wamelipa, na nusu ya hela nimeshaituma.

Wiki iliyopita nikapiga simu kuuliza vifaa. Yule dada akanieleza vizuri tu, kwa upole: fimbo na ndoano zipo, samaki mkimpata anapimwa, anapigwa picha, anarudishwa majini. Nikauliza, hata mmoja wa kuchoma jioni? Akacheka. "Kaka, ile ni hifadhi ya taifa."

Sasa mjue hali ya kundi. Fundi (ndivyo tunavyomwita) ameshanunua madeli mawili makubwa ya kuwekea barafu. Mama mkwe wake ameahidiwa sangara wa kilo ishirini kwa ajili ya kipaimara cha mtoto, na ukoo mzima una habari. Mwalimu yeye haogi hata baharini, anasema jaketi la kujiokolea ni la watoto na atakaa katikati ya boti. Mhasibu kila siku anauliza risiti.

Naombeni ushauri. Niwaambie sasa hivi wanirukie na wadai hela zao, au nikae kimya wakajue wakifika? Na mliowahi kwenda, je, inafaa kwenda kuvua samaki usiyemla?

Kidole Gumba

Yaani unalipa milioni kwenda kumsalimia samaki. Nchi hii ina watu na hela zao.

Mzee wa Kageye

Marahaba kijana. Nimefanya kazi kisiwa hicho miaka mingi, sasa nimestaafu, nalima vanila Kagera. Nikujibu kwa kirefu kidogo.

Kwanza wenzako waelewe wanakokwenda. Rubondo ilifanywa pori la akiba mwaka 1965, ikawa hifadhi ya taifa 1977. Wavuvi waliokuwa wakiishi kule walihamishwa. Maji yanayozunguka kisiwa ni sehemu ya hifadhi, na hayo ndiyo mazalia. Sato na sangara wanakua pale kwa utulivu, kisha wanatoka kwenda kwenye mitego ya wenzenu wa Nkome na Kome. Mkiruhusiwa kila mtu na deli lake, miaka michache hapatakuwa na cha kutoka. Nimewahi kukesha na askari wenzangu tukisubiri mtumbwi wa kokoro, ule wavu wa kukokota, kwenye matete. Mtu akikamatwa na kokoro haimfai kitu kusema alikuja kutembea, kwa hiyo kama kuna mwenzenu anayefikiria kuficha kawavu kwenye begi, mwambieni aache.

Pili, njia. Mkishuka Mwanza mna njia mbili. Ya kwanza ni Geita mpaka Nkome, halafu boti kama saa mbili hadi Kageye, kule kisiwani. Ya pili ni kuendelea na barabara hadi Chato, mshuke Muganza, mwende Kasenda. Pale kuvuka ni kama nusu saa tu, kisha gari la hifadhi linawapeleka upande wa pili wa kisiwa. Kivuko cha Kigongo hamtapanga foleni tena, daraja limefunguliwa Juni 2025. Kwa hao wenzako, hasa huyo Mwalimu, chagueni Kasenda. Nkome maji yakichafuka, saa mbili zinakuwa saa nne na watu wanaitana majina ya mama zao.

Tatu, usivuke jioni. Ziwa letu lina tabia yake: mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka, unatoka nchi kavu pande zote kuja kukutana katikati. Ndiyo maana radi na mvua kubwa hupiga ziwani usiku na alfajiri. Asubuhi mawingu yakishatawanyika ndipo pa kuvuka. Nahodha akisema tusubiri, subirini, hata kama Mhasibu anahesabu siku.

Na jaketi ni la kila mtu. Mwalimu akikataa abaki Kasenda anywe soda. Septemba 2018 MV Nyerere ilizama ikiwa imekaribia kutia nanga kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Ufukwe ulikuwa unaonekana kwa macho.

Mshika Daftari

Mzee shikamoo tena. Hilo la MV Nyerere nitalipeleka kundini kama lilivyo. Mwalimu ana ndugu zake Ukerewe, ataelewa.

Dada wa Segerea

Mimi niko upande wa wake zenu. Mwambie leo. Mwanaume akishamwahidi mama mkwe samaki, kila siku unayochelewa anaongeza kilo. Ukimwambia kisiwani, siku nne hamna pa kukimbilia, tena kuna mamba.

Migonzo 300

Mimi ni mvuvi wa kweli, wa Kome, si wa picha. Nitasema kidogo kuhusu kumwachia, maana wengi wanadhani ni kumtupa tu majini.

Sangara akitoka kina kirefu haraka, bondo, ule mfuko wake wa hewa, linavimba ndani. Unamwona tumbo limejaa, wakati mwingine utumbo unatokea mdomoni. Huyo ukimrudisha anaelea ubavu, anazunguka zunguka juu ya maji, fukombe anamchukua. Umemuua na hujamla, hasara mara mbili. Kwa hiyo mwambieni mwongozaji mnataka kukokota chambo bandia nyuma ya boti kwenye maji mafupi, karibu na mawe. Pale ndipo sangara anapovizia furu, wale samaki wadogo. Asubuhi mapema na jua likianza kushuka ndio wakati wake.

Vijino vya ndoano vibonyezeni kwa plaizi, itoke bila kuchana mdomo. Mikono iloweshwe kabla ya kumshika. Usimning'inize kwa taya kama mkoba, mkubwa anavunjika shingo kwa uzito wake mwenyewe. Mshike kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo. Na vidole visiguse kifuniko cha mashavu, kina miiba na ukingo wake unakata kama wembe. Nina kovu la mwaka juzi hapa kwenye kiganja.

Kisha mrudishe kichwa kikiwa kimeelekea mbele, boti ikienda taratibu, maji yapite kwenye matamvua. Subiri. Kuna sekunde utahisi mkia umekaza mkononi mwako. Hapo achia. Na kama jua limeshazama, utaona jicho lake linawaka rangi ya dhahabu likishuka chini mpaka linapotea. Mimi nimezaliwa ziwani, samaki kwangu ni ada za shule na bati, lakini siku moja niliwapeleka wageni nikaona hilo jicho, nikanyamaza kabisa.

Kidole Gumba

Migonzo umenifunga mdomo. Endeleeni.

Daktari wa Foleni

Nyongeza ya afya, fupi. Ziwa Victoria lina kichocho. Msioge ufukweni, hasa penye majani na konokono, na maji yaliyotulia. Ukiloa, jifute. Msinywe dawa siku ya kurudi mkadhani mmemaliza, dawa inaua minyoo iliyokomaa, kwa hiyo nendeni mkapime wiki sita hadi nane baadaye. Chandarua na dawa ya mbu sina haja ya kusema. Usiku msitoke nje ya nyumba bila mwenyeji. Viboko wanapanda kula nyasi mpaka kwenye uwanja wa nyumba, na kiboko ukimkatia njia ya kurudi majini hakuulizi.

Mama Kayabo

Habari zenu wanangu. Mimi nauza samaki Mwaloni Kirumba, Mwanza, mwaka wa kumi na saba huu. Hili la mama mkwe ni jepesi kuliko mnavyolifanya.

Madeli yaende. Wakati wa kurudi pitieni mwaloni, mnunue. Ila mnunue kwa akili. Sangara wa halali ni kuanzia sentimita 50, akipungua hapo ni kesi, na njiani wanafungua madeli. Sasa huyo wa kilo ishirini aliyeahidiwa, mwambie Fundi amsahau, samaki wa uzito huo si wa kumtegemea. Anunue watatu wanne wa wastani, uzito utatimia na hakuna atakayeuliza walikuwa wangapi.

Angalia jicho liwe limejaa na linang'aa. Funua shavu, ndani kuwe kwekundu. Bonyeza mgongo kwa kidole, shimo likibaki ondoka. Uliza kama bondo limo au limeshatolewa, maana siku hizi bondo lina bei kuliko nyama, na kuna wauzaji wanakuuzia samaki mwenye tumbo tupu kwa bei ya mzima. Atolewe utumbo palepale, aoshwe, apangwe kwenye barafu iliyopondwa. Msiweke mabonge, bonge linagusa upande mmoja tu. Maji ya barafu yawe na pa kutokea. Na kama mnarudi kwa basi, lipieni deli kama mzigo na msimamie likiwekwa. Nimeona mtu kashushwa Singida na samaki wake kwa sababu deli lilivuja kwenye begi la nguo za harusi.

Au mchukulie kayabo. Huyo ameshakaushwa kwa chumvi, hata mfike baada ya wiki. Akirowekwa usiku, akaungwa kwa nazi, mama mkwe atasahau kilo zote.

Mshika Daftari

Mama, Mungu akubariki. Nimenakili neno kwa neno.

Mpanda Milima

Mkuu, mimi nilienda miaka minne iliyopita, sikuvua hata mmoja siku mbili za kwanza. Watu hawasemi hili. Unakaa kwenye boti, jua linakuchoma, mshipi umenyooka, hakuna kitu. Siku ya tatu tulipata wawili ndani ya nusu saa. Waandae wenzako kwa hilo pia, kuliko hata la kurudisha. Siku zile mbili ndizo tulizopata kumwona nzohe, yule swala wa majini, kwenye matete, karibu kabisa, amesimama majini mpaka tumboni anatutazama. Sokwe hatukuwaona, tuliwasikia tu. Wale wana historia, babu zao 17 waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969, wakaachiwa msituni. Mwongozaji wetu alisema wa mwanzo walikuwa wamezoea watu mpaka wanaingia kambini.

Na bebeni vitambulisho vya NIDA. Bila uthibitisho wa uraia mtajikuta mnalipa viingilio kama Wazungu. Malipo ni kwa namba ya malipo au kadi, hawapokei noti mkononi, Mhasibu atafurahi.

Mzee wa Kageye

Sahihi kabisa hilo la NIDA. Nimeona watu wazima wakilia getini.

Mshika Daftari (siku tatu baadaye)

Wakuu, mrejesho.

Jana tulikutana kijiweni, nikawaambia. Nilianza na jaketi kwanza, nikasoma maneno ya Mzee kuhusu Ukara. Mwalimu akakaa kimya muda, akasema yeye alipoteza binamu siku ile, hakuwahi kutuambia. Miaka saba tunakunywa naye chai. Amesema atavaa, na tupite Kasenda.

Halafu nikasema la samaki. Mhasibu akauliza kama kuna punguzo kwa kuwa hatuchukui mzigo. Wa nne alicheka mpaka akamwaga kahawa. Fundi hakucheka. Aliangalia chini, akazungusha kikombe, mimi nikajua milioni imeondoka. Nikamsomea ya Migonzo, la mkia kukaza mkononi, na jicho linavyoshuka. Nikamsomea ya Mama Kayabo.

Akafikiri. Akauliza: "Kwa hiyo sangara nitakayemwachia mimi asubuhi, anatoka nje ya hifadhi, jamaa wa Nkome anamkamata usiku, halafu kesho mimi huyo huyo namnunua?"

Nikashindwa kumjibu. Mama Kayabo upo?

Mama Kayabo

Nipo mwanangu. Mwambie ndiyo, kama amefika kipimo. Na aje kwangu na hayo madeli, nitamuuzia kwa bei ya mgeni.