Naombeni ushauri: maktaba yetu ianze na mtandao gani wa kijamii?

Kurasa_Wazi (mleta mada)

Wakuu habari za muda huu.

Mimi ni mkutubi kwenye maktaba ndogo ya umma. Tuko watumishi wawili na kijana mmoja anayejitolea. Bodi imeniagiza niandike mpango wa namna maktaba itakavyotumia mitandao ya kijamii, pamoja na zile zana za mtandaoni ambazo watu wengi wanaandika na kuhariri kitu kimoja kwa pamoja. Unatakiwa kikao kijacho na usingizi sina.

Naombeni mnisaidie: Facebook, Instagram au WhatsApp? Tuposti kila siku au mara moja kwa wiki? Hizo zana za kushirikiana tuwape na wasomaji, au zibaki za watumishi tu? Majibu ya haraka tafadhali, hali yangu si nzuri.

Kalamu_ya_Risasi

Picha, mkuu. Jalada la kitabu kipya na mistari miwili mitatu inayomtia mtu hamu, basi. Sisi shuleni tulikuwa tunabandika maelezo marefu, hakuna aliyegusa. Siku mwanafunzi mmoja alipoposti picha ya ukurasa alioupenda, watoto waliulizia kile kitabu wiki nzima. Nikajifunza kwamba msomaji anamwamini msomaji mwenzake. Baadaye mwalimu mkuu alitaka kila posti ipitie kwake kwanza, mambo yakafa. Hiyo ni habari ndefu, nikianza hapa sitamaliza.

Mzee_wa_Faharasa

Vijana wa leo mnadhani simu ndiyo maktaba. Sisi tulikuwa na katalogi ya kadi kwenye droo, na msomaji alikuwa anakutana na vitabu ambavyo hakuvitafuta. Kwanza pangeni rafu zenu vizuri ndipo mwingie huko Facebook.

Hata hivyo kuna jambo moja la mtandaoni ninaloliheshimu. Tangu 2016, kila Januari wakutubi duniani wanaalikwa kuongeza japo rejea moja kwenye makala ya Wikipedia isiyo na ushahidi. Ile ndiyo kazi yetu hasa, kumwonyesha mtu habari imetoka wapi. Hukai ukihesabu waliokupenda.

Msomaji_Huru

Anzeni kwa kumfundisha mtu wa kaunta kutabasamu. Huo ni mtandao wa kijamii na hauli bando 😂

Bi_Rafu

Mdogo wangu Kurasa_Wazi, usianze na jina la mtandao. Waulize wasomaji wako wako wapi. Kama wote wako WhatsApp, ukurasa wa Instagram utasomwa na wakutubi wenzako tu, mtabaki mnapongezana. Popote utakapokwenda, kazi ya kwanza ni kujibu. Mtu akiuliza "kitabu fulani kipo?" akajibiwa siku hiyohiyo, atarudi. Asipojibiwa, ukurasa wako utakuwa ubao wa matangazo.

Kuhusu kuwashirikisha wasomaji, wape kazi ya kweli. Januari 2008, Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka picha zake za zamani zaidi ya 3,000 kwenye Flickr, mtandao wa kushirikishana picha, na kuomba umma usaidie kuzielezea. Watu wakatambua sura, majengo na matukio, wakutubi wakahakiki, na habari zilizothibitika zikaingizwa kwenye kumbukumbu za maktaba. Maktaba ya Taifa ya Australia nayo, tangu 2008, inawaachia wasomaji wasahihishe maandishi ya magazeti ya zamani ambayo kompyuta iliyasoma vibaya. Angalia ni nini walichokifungua: picha, magazeti, maelezo. Vyote ni mali ya maktaba.

Fundi_Mtambo

Mleta mada, kuna kitu umekiruka. Mpango wa kuandika haumnyimi mtu usingizi. Bodi imeutaka ghafla kwa nini? Kuna akaunti ipo tayari? Nani ameshika neno la siri?

Kurasa_Wazi

Akaunti zipo. Tuna ukurasa wa Facebook, kundi la WhatsApp la wasomaji, na jedwali la mtandaoni. Neno la siri ninalo mimi, barua pepe ni yangu binafsi kwa sababu ya maktaba haikuwepo.

Jedwali ndilo limetusaidia kuliko yote. Msomaji akiazima anaandika mwenyewe kitabu na tarehe ya kurudisha, na mwingine anayekitaka anajua asubiri hadi lini. Vitabu vinarudi kwa wakati kuliko enzi za leja. Kwa hiyo sioni sababu ya watu kulipiga vita.

Bi_Rafu

Nani analipiga vita? Na hilo jedwali lina majina?

Kurasa_Wazi

Lina majina na namba za simu. Anayeweza kulifungua ni yeyote mwenye kiungo, na kiungo kiko kwenye maelezo ya kundi.

Haya, niseme yote. Kuna dada mmoja, kwenye mstari wake kulikuwa na kitabu cha sheria za talaka. Shemeji yake yumo kwenye kundi. Dada alipofika nyumbani alikuta kikao kimeshaitishwa. Ameiandikia bodi malalamiko, na ndiyo maana natakiwa niwe na mpango.

Lakini nieleweni. Leja ya karatasi ilikaa wazi juu ya kaunta miaka yote, kila mtu akiifunua, na hakuna aliyelalamika. Na shemeji hakutumwa na maktaba. Mimi nimeshaamua jedwali libaki, nitatoa majina na kuweka herufi za mwanzo tu. Nilichotaka kwenu ni namna ya kuliandika hilo ili bodi ielewe.

Kalamu_ya_Risasi

Pole kwa huyo dada. Shangazi yangu alikuwa anasoma vitabu vya kilimo kwa siri, mumewe asijue kwamba anapanga kununua shamba lake. Alinunua. Angeandikwa kwenye jedwali lako asingelipata.

Mzee_wa_Faharasa

Mwenye makosa ni shemeji. Mtu mzima unapitia orodha ya maktaba kutafuta ya ndoa za watu! Na ndoa inayovunjwa na kitabu ilishavunjika zamani.

Msomaji_Huru

Mzee, hilo fungulia uzi wake. Mimi nauliza, kitabu kilirudi kwa wakati? 😂

Bi_Rafu

Tuacheni mzaha, kuna mtu ameumia hapa.

Kurasa_Wazi, herufi za mwanzo hazimfichi mtu kwenye kundi ambalo wote wanajuana. Na hili halikuanza na intaneti. Kanuni za maadili za Chama cha Maktaba cha Marekani za 1939 zilishamtaka mkutubi atunze siri ya habari binafsi za msomaji, na za 2012 za IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, zinasema uhusiano wa maktaba na msomaji ni wa siri. Leja ya kaunta nayo ilikuwa kosa, ila iliwafikia waliosimama pale kaunta. Kiungo hukijui kimefika wapi.

Jedwali linaweza kubaki, ila liwe la vitabu. Jina la kitabu, kipo au kimeazimwa, kinarudi lini. Nani amekichukua, hilo likae kwa watumishi tu. Anayekisubiri hahitaji kujua kiko kwa nani.

Fundi_Mtambo

Naongezea kwa upande wa ufundi. Kufuta majina hakutoshi. Zana nyingi za aina hiyo zinatunza historia ya matoleo, na mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kurudi nyuma akasoma kila ulichofuta. Funga kwanza kushiriki kwa kiungo. Kisha fungua faili jipya tupu, hamishia vitabu na tarehe tu, na kiungo kipya kiwe cha kusoma, si cha kuhariri.

Mkipata mtu wa kuwasaidia mitambo, jaribuni Koha. Ni programu huria ya kuendeshea maktaba iliyoanzia New Zealand, inatumika tangu 2000. Inaweza kuwekwa ili msomaji achague historia yake ya kuazima itunzwe kwa muda gani, na bado wasomaji wanaandika maoni chini ya kitabu.

Jicho_Kali

Nimesoma uzi wote. Mnamfanyia mwanafunzi kazi ya chuo.

Kichwa kinauliza "ianze na mtandao gani", kumbe ukurasa upo, kundi lipo, jedwali lipo. Maswali yamepangwa kama ya mtihani. Majibu yalipopungua akaletwa dada na kitabu cha talaka, na shemeji kwa mkupuo. Maktaba ya watumishi wawili yenye bodi, malalamiko ya maandishi na teknolojia yote hiyo? Hadithi ya kutunga.

Kalamu_ya_Risasi

Hata mimi kile kikao cha nyumbani kilinishtua. Na shangazi yangu nimemtaja!

Mzee_wa_Faharasa

Kama ni mwanafunzi aseme. Kusaidia tutamsaidia, ila asitudanganye kwa machozi ya watu.

Kurasa_Wazi

Mimi si mwanafunzi. Niliuliza tuanze na upi kwa sababu bodi inataka tuanze upya. Niliogopa nikitaja malalamiko mapema mtanihukumu kabla ya kunisikia, na ndicho mnachofanya. Barua ya malalamiko siwezi kuiweka hapa.

Fundi_Mtambo

Usiiweke. Nina swali moja tu. Jedwali lililoachwa wazi kwa watu wengi huwa linavurugika. Lenu lilivurugika vipi?

Kurasa_Wazi

Kuna mtu alipanga safu ya vitabu kwa alfabeti bila kugusa safu nyingine. Vitabu vikahama, majina yakabaki palepale. Tukawa tunawadai watu vitabu ambavyo hawajawahi kuvishika, mpaka mmoja akaja kugomba. Baada ya hapo ndiyo nikazifunga safu.

Fundi_Mtambo

Jicho_Kali, hilo halitungwi. Aliyesema hivyo amelisafisha jedwali kwa mikono yake.

Bi_Rafu

Kurasa_Wazi, subiri. Vitabu vilihama kabla ya shemeji kuona, au baada?

Kurasa_Wazi

Ngoja nifungue historia.

Kurasa_Wazi

Ni wiki ileile. Safu ilipangwa Jumanne, shemeji alituma picha ya jedwali kwa ndugu zake Alhamisi, mimi nimekuja kurekebisha Jumatatu. Katika toleo la kabla ya Jumanne, mbele ya jina la yule dada kuna kitabu cha ushonaji.

Kwenye barua yake hakuandika popote kwamba aliazima cha talaka. Ameandika "jina langu limetumika". Nilidhani anaona haya kukiri.

Jicho_Kali

Naondoa neno langu kuhusu mwanafunzi.

Kalamu_ya_Risasi

Basi nenda kwa ile familia na ushahidi! Dada asafishwe jina.

Bi_Rafu

Hapana, asiende. Akienda na ushahidi wa ushonaji, atakuwa amefungua tena alichosoma mtu, na aliyekiazima kile cha talaka ataanza kutafutwa. Hata kama dada angekuwa amekiazima yeye, haikuwa haki ya shemeji kujua.

Fanya hivi. Funga kiungo usiku huu. Mweleze dada peke yake kwamba jedwali lilivurugika, na umwachie yeye aamue awaambie nani. Kwenye kundi tangaza kwamba orodha ya wasomaji imeondolewa kwa sababu maktaba haikupaswa kuiweka wazi, usitaje kitabu wala mtu. Kwenye mpango andika akaunti zisajiliwe kwa barua pepe ya maktaba, watumishi wote wawili wawe na ruhusa, na picha ya msomaji isipostiwe bila ridhaa yake, ya mtoto bila ya mzazi.

Kurasa_Wazi

Nimefunga kiungo sasa hivi. Tatizo ni kwamba mwenyekiti wa bodi ameshaniomba jedwali lote la zamani, pamoja na historia yake, walipitie kikaoni.

Bi_Rafu

Wapelekee tarehe na maelezo ya kilichoharibika, bila jina hata moja. Wakisisitiza, waambie waombe kwa maandishi, na malalamiko ya dada yawe mezani wakati wanaomba.

Kurasa_Wazi

Naandika sasa. Dada nitampigia asubuhi kabla sijafungua maktaba.