Miksa ya hodhi la kuogea inavuja: nibadili mpira au ning'oe yote? (Kigoma)

MwangaJuu: Habari za mchana wakuu. Nyumba ni ya zamani, iko Mwanga, Kigoma mjini. Hodhi lina miksa (koki inayochanganya maji ya moto na ya baridi) ya shaba ya ukutani, mikono miwili ya kufungulia. Mdomo unadondosha tone moja kila sekunde hata nikikaza mpaka kiganja kiume. Fundi anasema ing'olewe yote na vigae vipasuliwe. Inatengenezeka?

SpanaMbili: Mkuu, kwanza acha kukaza. Kila ukikaza, mpira wa ndani unaozuia maji unazidi kukatwa na kiti chake, yaani mdomo wa shaba unaoukalia. Tone kwa sekunde ni kama lita 20 kwa siku, ndoo nzima.

Funga geti vali (koki ya kufungia bomba) ya maji ya moto peke yake. Tone likikoma, mbovu ni upande huo. Maji yakitokea chini ya mkono wakati koki iko wazi, hiyo ni pakingi (kizibo kinachozunguka shina la mkono), mpira uache.

Kisha funga maji yote, fungua koki bomba likauke, ziba tundu la hodhi kwa kitambaa (skrubu ikidumbukia humo huipati tena). Bandua kifuniko, toa skrubu, vuta mkono. Kichwa cha koki (kile kipande kilichofungwa kwenye miksa, chenye shina na mpira) kiache wazi nusu mzunguko ndipo ukifungue, mpira usikandamizwe. Spana moja ishike mwili wa miksa, ya pili ifungue. Ukitumia moja tu unapindua bomba lililo ndani ya ukuta, na hapo vigae vitapasuliwa kweli.

MamaKatubuka: Mpira wa zamani nenda nao dukani. Koki za hodhi za zamani mara nyingi ni za robo tatu, za sinki ni nusu inchi, na ukiomba "mpira wa koki" tu utapewa wa nusu.

Gamba_Jeupe: Samahani wakuu, mpira peke yake unaweza usitoshe. Mulika tochi ndani, pitisha kidole kwenye kiti, ule mdomo wa shaba wa duara. Kidole kikikwama kuna mfereji, na mpira mpya juu ya mfereji utavuja tena baada ya siku chache. Maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu nyingi na pH inazidi 8.5, kwa hiyo gamba jeupe halikosi. Lilainishe kwa siki kwanza, usilikwangue kwa bisibisi. Mfereji mdogo unasagwa kwa kifaa cha kusagia viti: mizunguko mitatu minne mepesi, kisha futa unga wote wa shaba. Ila shaba ikiwa imegeuka rangi ya waridi na inamung'unyika, zinki iliyochanganywa ndani yake imeshatoka. Hiyo badili, usiihurumie.

MwangaJuu: Asanteni sana. Ni upande wa moto. Kidole kinakwama kidogo sehemu moja, shaba bado ya njano. Kati ya bomba na bomba ni milimita 150.

SpanaMbili: Basi saga, weka mpira mpya, paka grisi ya silikoni kwenye uzi (hesi) wa kichwa cha koki. Na hiyo 150 ni kipimo cha kawaida cha miksa za ukutani. Hata ikibidi kubadili baadaye, unafungua nati mbili za nyuma, unaweka washa (mipira ya kuzibia) mpya, unafunga nyingine. Vigae haviguswi, mwambie fundi hivyo.