Nimeuziwa "chapa ya 1590" ya Tamburlaine iliyonyofolewa barua ya mchapaji

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira. Mwezi uliopita nilimlipa muuzaji mmoja wa vitabu mtandaoni kwa kitabu alichokinadi kuwa nakala halisi, isiyoguswa hata nukta, ya chapa ya kwanza ya tamthilia ya Tamburlaine the Great, ile iliyotolewa na mchapaji Richard Jones jijini London mwaka 1590. Nilipofunua jalada tu nikakutana na jina la mwandishi, Christopher Marlowe, kwa herufi kubwa kama za kibao cha duka. Chapa ya 1590 haina jina la mwandishi. Wala ya 1593, wala ya 1597, wala zile za 1605 na 1606 ambazo zilitenganisha sehemu mbili za tamthilia hiyo.

Hilo ningelimeza. Lililonikaa kooni ni kwamba barua ya Jones kwa waungwana wasomaji haimo kabisa, na barua hiyo ndiyo roho ya chapa yenyewe, kwa kuwa humo mchapaji anakiri kwamba ameacha kwa makusudi vituko alivyoviona vya kipuuzi, visivyolingana na habari nzito ya Tamburlaine, mchunga kondoo wa Scythia aliyegeuka mfalme wa kutisha, ingawa jukwaani walikuwapo watazamaji walioviduwalia. Bila barua hiyo, msomaji ataelewaje kwa nini daftari la chama cha wachapaji, tarehe 14 Agosti 1590, liliisajili kazi hiyo kuwa masimulizi mawili ya kuchekesha, ilhali ukurasa wa jina unayaita ya tanzia? Kicheko kilikwenda wapi? Jones alikata, lakini alikuwa na uungwana wa kusema. Huyu wangu amekata hata ungamo lenyewe, kisha akaniapia kwamba hakugusa kitu.

Nilipomwandikia, alijibu kwamba kurasa hizo si sehemu ya mchezo, na kwamba zile herufi nene za kigothi zingewachosha wasomaji, ndiyo maana akayapanga maandishi upya. Basi angeuza kitabu chake kwa jina lake, asijifunike shuka la Jones! Nimedai fedha zangu, na leo ni siku ya 12 hajajibu.

Mwenye picha za kurasa za mwanzo za chapa ya 1590, barua ikiwamo, naomba anielekeze zinakopatikana.