Kibao cha namba ya nyumba cha mbao, nyumba iko karibu na bahari, naombeni ushauri

mama_sahare:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa mnaojua kazi za mbao. Ile namba tuliyopewa 2022 kipindi cha anwani za makazi kabla ya sensa, kwangu iliandikwa kwa rangi ukutani na sa hivi imefifia, hiyo 7 unaweza kudhani ni 1. Mwezi uliopita mama alizidiwa usiku, bajaji niliyoita ikapita getini mara mbili mpaka nikatoka na tochi barabarani kuisimamisha. Namshukuru Mungu mama yuko salama ila tangu siku ile sina amani. Nataka nichonge kibao mwenyewe, kizuri, chenye nakshi kama za milango ya zamani ya Unguja. Namba ni 27. Niko Tanga, mawimbi nayasikia nikiwa barazani. Nitumie mbao gani, na namba nizichonge au nibandike?

fundi_patasi:
Pole sana dada, mama aendelee vizuri. Chukua mninga, nenda kwa wanaotengeneza milango uombe kipande kilichobaki, sentimita 20 kwa 30 kinatosha, unene inchi moja. Paini achana nayo, kwa unyevu wa huko itapinda. Hiyo 27 iprinti kubwa, kila tarakimu urefu wa sentimita 12 hivi, weka karatasi ya kaboni chini yake upitishe kalamu. Sasa usichonge namba yenyewe, chonga mbao inayoizunguka, shuka milimita 5 ili namba ibaki imeinuka. Patasi iwe kali kweli na ufuate nyuzi za mbao, ukienda kinyume inabanduka, hasa pale ndani ya shingo ya 2, mimi iliwahi kunibandukia hapohapo nikaranda uso wote nikaanza upya.

bajaji_usiku:
Dada mi naendesha bajaji usiku naomba unisikilize kabla hujaanza kuchonga. Vibao vingi mchana vinapendeza usiku havisomeki, ni kahawia juu ya kahawia alafu maua yamejaa mpaka namba yenyewe uitafute. Weka nakshi ya mnyororo ile ya milango ya Unguja izunguke pembeni, labda na ua moja kila kona, katikati pawe patupu ibaki namba tu. Namba ipake nyeupe. Na usikiweke juu ya mlango ndani ya baraza, kiweke kwenye nguzo ya geti upande wa barabara, usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye bajaji maana taa zetu zinamulika chini. Kama kuna maua yanatambaa hapo yakate. Tunapoitiwa mgonjwa tunahangaika sana na hizi namba, we acha tu.

mtu_wa_pwani:
Wamesema vizuri, mi naongeza la chumvi. Skrubu ziwe za stenlesi, za kawaida kutu itatiririka ukutani na kibao chote kitachafuka. Toboa ukuta na dril biti ya milimita 6, weka fisha (kile kiplastiki cha kushika skrubu ukutani), na kati ya kibao na ukuta weka washa (vile viduara vyenye tundu) mbilitatu kila skrubu ili hewa ipite nyuma, mbao ikigusa ukuta wenye unyevu inaozea huko nyuma we huoni. Vanishi tumia ya boti, pande zote hadi mgongoni.

mama_sahare:
Mungu awabariki jamani. Nimeshapata kipande cha mninga kina harufu nzuri hiyo!! Swali la mwisho, rangi nyeupe inatangulia au vanishi?

fundi_patasi:
Vanishi kwanza, mikono mitatu, kila mkono ukauke ndo upige msasa wa 240 kidogo. Ukipaka vanishi juu ya nyeupe itageuka njano. Mwisho kabisa chukua kipande cha sponji, chovya rangi ya mafuta kidogo tu, gusagusa juu ya namba, kwakuwa imeinuka rangi haitashuka chini. Rudia kesho yake.

mama_sahare:
Sawa kaka, Jumamosi naanza na hiyo 2.