Mjadala: Ukiikataa dini ya mtu, umemkataa na mwenyewe?

Mleta mada

Wadau, salamu kwa wote: wa msikitini, wa kanisani, na sisi tusiokwenda kokote.

Mwishoni mwa Mei 2021, chama cha wasioamini Mungu cha Kenya, Atheists in Kenya, kilitangaza kwamba katibu wake, Seth Mahiga, amejiuzulu. Sababu? Amempata Yesu Kristo, hana tena hamu ya kueneza ukanamungu. Tangazo likamtakia heri katika uhusiano wake mpya na Yesu, likamshukuru kwa utumishi wake, kisha likasema nafasi iko wazi. Watu walicheka mpaka basi, na habari ikazunguka dunia.

Mimi naona tangazo lile lina funzo kuliko vitabu vingi vya wasomi wetu wakali. Chama chenyewe kilisajiliwa 2016, na mwaka huohuo usajili ukasimamishwa viongozi wa dini walipolalamika. Kilikuwa na kila sababu ya kununa. Kingeweza kumwita msaliti, kingeweza kusema ameahidiwa pesa. Hakikusema. Yesu wake hawakumkubali, yeye walimuaga vizuri.

Hoja yangu ni hiyo. Asiyeamini ana deni kwa muumini, hana deni kwa imani. Imani ni dai kama madai mengine: inaulizwa ushahidi, inabishiwa, hata inataniwa. Muumini ni mtu, ana haki zake zote hata kama dai lake halina mguu wa kusimamia.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaisema kanuni hii mdomoni tu. Mwaka 2023 miili ya waumini wa mchungaji mmoja, walioambiwa wafunge, ilipokuwa ikifukuliwa msituni Shakahola, kaunti ya Kilifi, na hesabu ikapita 400, wapo wenzetu walioandika kwamba hao wamekula jeuri yao. Jamani! Mle mlizikwa watoto, ambao hawakuamua chochote. Na mama aliyemnyima mwanawe chakula hakuwa na chuki naye. Aliaminishwa kwamba kufunga mpaka kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu, naye alitaka mwanawe afike. Linalonitisha ni hilo hasa. Angekuwa mama katili tungesema tumekwisha kumjua, tukalala. Alimpenda, na upendo wenyewe ndio uliotumika.

Kwa hiyo imani ile naishambulia bila haya. Paul Mackenzie, mchungaji aliyeshtakiwa kwa vifo vile, ana mahakama ya kumsikiliza. Lakini mama yule nikimcheka, nimemsaidia nani? Nimemthibitishia aliyoambiwa na mchungaji wake, kwamba dunia huku nje ni ya watu wasio na utu.

Sisemi kila dini ni Shakahola. Nasema tutofautishe anayeuza na anayenunua. Kipimo changu ni rahisi: kabla ya kuandika neno kuhusu waumini, najiuliza kama ningelisema mbele ya shangazi yangu anayefunga Jumatatu na Alhamisi. Simwogopi, tunabishana tangu niko kidato cha tatu. Ila mbele yake ninalazimika kutoa hoja, matusi hayapiti.

Karibuni. Mnaotaka kunisilimisha upya subirini kidogo.

Bint Kisauni

Kaka, umeandika kwa adabu, nashukuru. Ila kanuni yako inakufaa wewe, mimi hainifai.

Ukiniambia unaniheshimu lakini ninachokiamini ni uzushi, umeniheshimu nini hasa? Mama yangu alipolala kitandani nilimwogesha na kumlisha mpaka siku yake ilipofika, na sikufanya hivyo kwa sababu nina moyo mzuri. Moyo wangu siku nyingine ulikuwa mbaya kabisa. Nilifanya kwa sababu naamini radhi yake ni mlango wangu kwa Mola. Ondoa imani hiyo, huyo unayebaki kumheshimu si mimi, ni mwanamke mwingine usiyemjua.

Na mkisema "imani" mnakimbilia Shakahola. Hamtaji zaka iliyopelekwa kwa jirani usiku ili asijue imetoka kwa nani. Sikuombi uamini. Nakuomba usinikate vipande viwili, kimoja cha kusifu na kimoja cha kucheka.

Nyundo

Mimi pia siamini, na naona mleta mada amelegea. Heshima hii mbona inatoka upande mmoja tu?

Kwenye karatasi tuko sawa. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa. Sasa nenda kwenye Kanuni ya Adhabu: kifungu cha 138 Kenya, na cha 129 kwa ndugu zetu wa Tanzania, ni kosa kutamka neno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mtu. Mhubiri akiniita kwenye spika mpumbavu wa Zaburi ya 14, yule asemaye moyoni hakuna Mungu, mtaa mzima ukasikia, hisia zangu ziende kifungu gani? Kijana akisema nyumbani kwamba haamini, anaweza kutolewa na begi lake usiku huohuo. Wanaomtoa ni hao waumini wa kuheshimiwa, imani haina mikono ya kubeba begi.

Mimi heshima nampa anayenipa. Zaidi ya hapo ni kujipendekeza.

Mpita Njia

Wazee wa Katiba, niachieni nafasi. Mimi ni Mlutheri wa Arusha, naamini, na sina ugomvi na mtu.

Mwaka 2011 nilimpeleka shemeji yangu Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe kimoja cha dawa yake shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita na kilomita, vumbi, watu wanalala chini ya magari, na wapo waliokata roho wakiwa bado wanangoja. Kwenye gari letu alikuwemo mwalimu wa sekondari na muuguzi. Muuguzi! Hakuna aliyekuwa mjinga mle ndani.

Shemeji alikuwa na kisukari. Ng'ombe walikwisha uzwa, dawa za mwezi zilikuwa zinaisha kabla ya mwezi. Mleta mada, pale ungeshambulia imani ipi? Yule bwana hakuwa na dai la kubishiwa. Alikuwa amechoka, akasikia kuna mzee anaponya kwa 500.

Mleta mada

Nashukuru, sasa tunaongea.

Bint Kisauni, kukukata vipande sitaki. Lakini wewe mwenyewe hiyo kazi unaifanya kila mwaka. Jirani yako Mkristo anasema Yesu ni Mwana wa Mungu. Kwako hiyo ni shirki, tena ni dhambi kubwa kuliko zote. Lakini siku ya Krismasi sahani ya biriani ikija unaipokea, unamtakia heri, na ukipata dharura usiku unambishia hodi yeye. Humcheki wala humkubalii. Umeweza kumpenda mtu huku ukiona kiini cha dini yake ni kosa. Nasi tunaomba kibali hicho hicho. Na ulivyomlea mama yako, kwangu hiyo ni sifa yako. Wewe waona ni ya Mola. Tutatofautiana hapo, na sioni kama nimekutukana.

Nyundo, vifungu hivyo nakubali vipingwe mahakamani na bungeni. Lakini shangazi yangu hakuvitunga, ni mali ya Mwingereza tuliyorithishwa pamoja na mawigi ya majaji. Ukimwadhibu yeye kwa ajili ya kifungu cha 138 unampiga asiyehusika. Habari ya kijana na begi lake ni nzito zaidi. Hapo nakwambia: aliyemtoa alaumiwe kama mzazi, kwa jina la uzazi. Nimeona waumini wengi waliobaki na watoto wao wasioswali, dua zikiendelea chumba cha pili. Dini ni ileile, uamuzi ni tofauti. Ukisema wote ni wamoja unawatupa hata hao waliobaki.

Mpita Njia, kwa shemeji yako sina hoja, na nisingempelekea hoja. Angehitaji dawa ya kutosha mwezi mzima. Hoja yangu ningeipeleka kwa viongozi waliokwenda kunywa kikombe mbele ya kamera, wakarudi mjini kwenye hospitali zao, huku wengine wakiacha dawa zao nyumbani kwa kuona wakubwa wamekunywa.

Nyundo

Sahani ya biriani imekaa vizuri, nakiri. Lakini jirani yake huyo hakuambiwa dini yake ni uzushi mbele ya watu elfu mtandaoni.

Bint Kisauni

Anaambiwa, tena kwa spika. Mihadhara ya Waislamu na Wakristo pale uwanjani tumekua nayo, vitabu mkononi, jua la saa tisa. Wakimaliza wananunua madafu kwa mtu mmoja. Kwa hiyo mleta mada, kubishana sikukatazi. Nina swali moja tu. Nikifiwa, utakuja? Na utasema nini?

Mleta mada

Nitakuja. Nitabeba jeneza zamu yangu ikifika, nitatia udongo, dua ikisomwa nitasimama kimya. Ukiniuliza siku hiyo marehemu yuko wapi, sitakujibu. Niulize baada ya arobaini.

Nyundo

Mimi ningejibu siku hiyohiyo.

Bint Kisauni

Ndiyo maana pilau ya arobaini itakupita.